Jinsi ya kusoma karatasi ya skoo ya zamani, tuanze na ile mechi ya 19-18

Kuna mechi ya NBA, ligi kubwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, iliisha 19-18. Sisemi robo ya kwanza, nasema mechi nzima, dakika 48 zimekata, kengele imelia, watu wamerudi makwao na ubao unasoma 19-18. Ilikuwa tarehe 22 Novemba 1950 pale Minneapolis, Fort Wayne Pistons ndo walishinda, Minneapolis Lakers wakalala nyumbani kwao mbele ya watu 7,021. Mpaka leo kwenye ligi hiyo hakuna mechi iliyoisha na pointi chache kuliko hizo.

Mi ni mtu wa mezani, yule jamaa anayekaa pembeni ya uwanja na penseli na kifutio anaandika nani kafunga nani kacheza faulo, na kila kijana anayekuja kujifunza hii kazi namkalisha na karatasi ya mechi hii kabla hajagusa mechi ya juzi. Sababu yangu ni kwamba karatasi ya mechi ya leo imejaa namba mpaka macho yanauma, ukikosea moja hujui imejificha wapi, ila hii ya 19-18 namba zake unaweza kuzibeba kichwani ukiwa kwenye daladala, alafu ukizizungusha vizuri zinakusimulia mechi ilivyochezwa wakati we hujaona hata picha yake moja.

Unachohitaji ni karatasi, penseli (kalamu ya wino weka pembeni, utafuta sana) na kikokotoo cha simu. Eksel ukiwa nayo sawa, lakini mara ya kwanza fanya kwa mkono.

Hatua ya 1: jua mwaka wa mechi kabla hujaangalia namba yoyote

Hapa ndo watu wengi wanaharibu, na mi mwenyewe niliharibu kwaiyo naongea kwa uchungu. Zamani nilichukua takwimu za wachezaji wa miaka ya 50 nikaziingiza kwenye jedwali langu, na kila palipokuwa wazi nikajaza sifuri, si unajua tena jedwali likiwa na mashimo linakera. Baadae nikapiga wastani, nikatoka na orodha inayosema masenta (wale warefu wanaocheza karibu na kikapu) wa enzi zile hawajawahi kubloku, yaani kuzuia mrusho wa mpinzani, mpira hata mmoja. Nikaipeleka hivohivo kwa watu. Mzee mmoja aliyecheza sana enzi zake akaiangalia, akaniangalia mimi, akacheka mpaka akakaa chini.

Bloku hazikuwepo kwenye karatasi kwasababu hakuna aliyekuwa anaziandika. NBA ilianza kuhesabu bloku na mipira ya kuiba msimu wa 1973-74. Mipira iliyopotezwa, hizi tunazoziita tanova, kwa mchezaji mmoja mmoja ni 1977-78. Kikapu cha pointi tatu kiliingia 1979-80. Dakika za mchezaji zilianza kuwekwa kwenye takwimu za ligi 1951-52, yaani msimu mmoja baada ya mechi yetu, na rebaundi, ile mipira mtu anayoidaka baada ya mrusho kukosa, zilianza msimu uleule wa mechi yetu, 1950-51, ila hizo ni jumla za msimu, kwenye karatasi za mechi moja moja za miaka ile mara nyingi huzioni.

Kwaiyo chora jedwali lako na safu hizi tu: jina, vikapu vilivyoingia, vikapu vilivyojaribiwa, mitupo huru iliyoingia, mitupo huru iliyojaribiwa, faulo, pointi. Asisti (pasi zilizozaa kikapu) zikiwepo weka. Kingine chochote kiache wazi, weka kistari kama unapenda usafi, lakini sifuri usiweke. Sifuri maana yake mtu alikaa akahesabu akakuta hamna kitu, na kistari maana yake hakuna aliyehesabu. Hivo ni vitu viwili mbalimbali kabisa, na ukivichanganya siku moja tu jedwali lako lote limeoza na hutojua limeozea wapi.

Hatua ya 2: tafsiri vichwa vya safu

FG ni vikapu vya kawaida wakati mchezo unaendelea. FT ni mitupo huru, ile ya kusimama kwenye mstari baada ya faulo. PF ni faulo za mchezaji, TP ni jumla ya pointi. Hapo hamna shida.

Shida ni magazeti ya zamani, yalikuwa yanabana nafasi vibaya mno, unakuta G F T tupu. Hapo G ni vikapu, T ni jumla, na F je? Wengi wanasoma faulo. Mara nyingi ni mitupo huru. Namna ya kujua ni rahisi, chukua mchezaji mmoja, zidisha G mara mbili ujumlishe F, ikigonga T basi F ni mitupo. Isipogonga jaribu mwingine kabla hujalilaumu gazeti. Alafu ukiona herufi ndogo pembeni ya jina, f au c au g, hizo ni nafasi anazocheza mtu, c ni senta, usije ukaziingiza kwenye hesabu kama nilivyoona kijana mmoja anafanya, aliniuliza hii c ni ngapi.

Kingine, karatasi nyingi za zamani haziandiki mitupo iliyojaribiwa kwenye safu. Chini kabisa kunakuwa na mstari wa maandishi madogo unasema nani alikosa mitupo mingapi. Unachukua waliyokosa unaongeza kwenye waliyoingiza, ndo unapata waliyojaribu. Mstari huo usiuruke, kwenye mechi yetu ndo wenye utamu wote.

Hatua ya 3: hakiki jumla za timu

Kanuni ya miaka ile ni nyepesi kuliko ya sasa maana hakuna pointi tatu. Kila kikapu ni 2, kila mtupo ni 1. Basi.

Lakers: vikapu 4 katika majaribio 18, mitupo 10 katika 17.
Pistons: vikapu 4 katika majaribio 13, mitupo 11 katika 15.

Piga. Lakers 4 mara 2 ni 8, jumlisha 10, 18. Pistons 4 mara 2 ni 8, jumlisha 11, 19. Imegonga.

Sasa kabla hujakimbilia hatua inayofuata hebu tulia uangalie tena hizo namba. Vikapu 4 kwa 4. Timu mbili za ligi kubwa zimecheza dakika 48 zikatoa vikapu 8 kwa pamoja na vimegawanyika sawasawa kama mkate wa mayatima. Tofauti yote ya mechi ni mtupo mmoja wa kwenye mstari, 11 kwa 10. Lakers walikosa mitupo 7 nyumbani kwao bila mtu kuwazuia, Pistons walikosa 4. Mtu akikusimulia mechi hii atakwambia habari ya kikapu cha mwisho cha Larry Foust wa Pistons, na ni kweli kilikuwepo tutakifikia, lakini mi nikiangalia karatasi naona kwanza ile mitupo 7 ya Lakers iliyogonga chuma. Wangeingiza miwili tu ya ziada leo hii mechi tungeihesabu kama ushindi wao.

Na asilimia? Lakers 22.2, Pistons 30.8. Ziandike kama unataka lakini ziandike kwa penseli. Pistons wakiingiza kikapu kimoja zaidi asilimia yao inaruka karibu nane papohapo. Kwenye namba ndogo hivi asilimia ni kama mizani ya dukani iliyolegea, inacheza kwa upepo. We baki na 4 katika 13, hiyo haidanganyi.

Hatua ya 4: jenga mechi upya kwa kutumia robo

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote, ukiielewa hii umekuwa mtu wa mezani.

Robo ya kwanza iliisha Pistons 8 Lakers 7. Mapumziko Lakers 13 Pistons 11. Robo ya tatu imeisha Lakers 17 Pistons 16. Mwisho Pistons 19 Lakers 18.

Kwanza toa kupata kila robo peke yake. Pistons ni 8, 3, 5, 3. Lakers ni 7, 6, 4, 1. Jumlisha tena uone kama zinarudi 19 na 18, zinarudi. Usicheke, hii kazi ya kujumlisha mara mbili mara tatu ndo inayokuokoa siku kocha anakuja mezani na mishipa ya shingo imemtoka anasema kijana wake umemuibia pointi.

Sasa anza upelelezi. Robo ya nne Lakers walipata pointi 1. Moja haitoki kwenye kikapu, kikapu ni 2, kwaiyo bila kuambiwa na mtu unajua walipata mtupo huru mmoja na robo nzima, dakika 12 hizo, hawakuingiza kikapu hata kimoja. Maana yake vikapu vyao vyote 4 viliingia kabla ya robo ya nne. Hakiki: mwisho wa robo ya tatu walikuwa na 17, toa 8 za vikapu, zinabaki 9 za mitupo. Ongeza ule mmoja wa robo ya nne unapata 10, na safu ya mitupo inasema 10. Umeona inavyoshikana?

Nenda kwa Pistons. Robo ya nne walipata 3. Hapa kuna njia mbili, mitupo mitatu, au kikapu kimoja na mtupo mmoja. Namba peke yake haziwezi kukuchagulia, unahitaji habari kutoka nje ya karatasi, na habari tunayo maana kikapu cha ushindi cha Foust kinajulikana, alikifunga mbele ya senta wa Lakers sekunde chache kabla ya mwisho. Kwaiyo ni kikapu kimoja na mtupo mmoja. Rudi nyuma uhakiki: mwisho wa robo ya tatu Pistons walikuwa na vikapu 3 na mitupo 10, sita jumlisha kumi ni 16. Na ubao ulisema 16. Na kabla Foust hajafunga ubao ulisoma vipi? Pistons 19 toa 2, ni 17, Lakers wana 18. Walikuwa nyuma kwa pointi moja.

Foust mwenyewe ndo kwanza alikuwa na msimu wake wa kwanza kwenye ligi, katoka chuo cha La Salle juzijuzi. Fikiria kijana mgeni anapewa mpira huo.

Jaribu na hii peke yako: mfungaji bora wa Pistons siku ile alikuwa John Oldham na pointi 5. Pointi 5, mfungaji bora! Andika njia zote za kupata 5 bila pointi tatu. Ni mitupo mitano, au kikapu 1 na mitupo 3, au vikapu 2 na mtupo 1. Umeona kitu? Kila njia mitupo ni namba witiri, 5, 3, 1. Pointi za mchezaji wa zamani zikiwa witiri mitupo yake lazima iwe witiri, zikiwa shufwa nayo shufwa. Ukikuta karatasi inasema mtu ana pointi 9 na mitupo 4, mtu kakosea kuandika, huna haja ya kubishana na yeyote.

Hatua ya 5: mtenge nyota na wenzake

Kila karatasi ina mtu mmoja ambaye ukimuacha ndani ya jumla anakuficha mambo. Hapa mtu huyo ni George Mikan, senta wa Lakers, mrefu wa karibu mita 2.08, miwani mikubwa usoni, jezi namba 99. Msimu ule alimaliza akiongoza ligi kwa wastani wa pointi 28.4 kwa mechi. Timu pinzani zilikuwa haziwezi kulala kwa ajili yake, na ligi yenyewe mwaka uliofuata 1951 ikapanua lile eneo la chini ya kikapu kutoka futi 6 mpaka 12, kisa yeye.

Mstari wake siku ile: vikapu 4 katika 11, mitupo 7 katika 11, pointi 15.

Chora mstari wa pili uite "wengine wote", uupate kwa kutoa. Vikapu 4 toa 4, sifuri. Majaribio 18 toa 11, saba. Mitupo 10 toa 7, mitatu. Majaribio ya mitupo 17 toa 11, sita. Pointi 18 toa 15, tatu.

Yaani Lakers wote waliobaki walirusha mara 7 wakakosa mara 7, wakaingiza mitupo 3 katika 6. Na hao wengine hawakuwa watoto wa mtaani, timu ile ilikuwa na Jim Pollard, Vern Mikkelsen na Slater Martin, na wote watatu baadae waliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa mpira wa kikapu kule Springfield, pamoja na Mikan mwenyewe na kocha wao John Kundla. Ukumbi wa heshima unajaa watu, na kikapu cha kawaida hamna.

Pointi 15 katika 18 ni asilimia 83.3, hakuna mchezaji wa NBA aliyewahi kubeba sehemu kubwa hivo ya pointi za timu yake kwenye mechi. Lakini hapa ndo nataka uwe mwangalifu na kichwa cha habari, maana ukiiandika hiyo 83.3 peke yake msomaji atadhani Mikan aliwaka moto siku ile. Hakuwaka. Alipata karibu nusu ya wastani wake. Asilimia imepanda kwasababu chini yake kuna 18 tu. Rekodi ya mtu mmoja imezaliwa kwenye usiku ambao timu yake imekauka.

Na hebu rudi robo ya nne kidogo. Tulishasema Lakers hawakuwa na kikapu robo ile, na vikapu vyote vya Lakers ni vya Mikan, kwaiyo mfungaji bora wa ligi alikaa robo nzima ya mwisho bila kikapu. Hilo hakuna aliyetuambia, tumelitoa kwenye namba mbili tu, 1 na 4. Mi bado linanisisimua hili kila nikifundisha.

Hatua ya 6: geuza majaribio yawe muda

Dakika 48 ni sekunde 2,880. Gawa kwa majaribio ya vikapu.

Pistons 2,880 gawa kwa 13, ni kama sekunde 221, yaani dakika tatu na sekunde arobaini hivi kati ya mrusho mmoja na mwingine. Lakers gawa kwa 18, dakika mbili na sekunde arobaini. Ukiwachanganya pamoja mirusho 31, ni mrusho mmoja kila sekunde 93. Tia maji kwenye birika la umeme, chai yako inakaribia kuiva kabla Pistons hawajarusha tena.

Sasa karatasi inakuuliza swali, hawa watu walikuwa wanafanya nini? Na jibu ni kwamba walikuwa wameshika mpira. Kocha wa Pistons, Murray Mendenhall, alijua akicheza kawaida na Mikan kwenye uwanja wa Minneapolis anachapwa, msimu uliotangulia Lakers walikuwa wamepoteza mechi moja tu ya ligi nyumbani kati ya 31. Kwaiyo akawaambia vijana wake shikeni mpira, kaeni nao nje, msiwape Lakers mpira wa kumpelekea mtu wao. Sheria haikuwakataza, hakukuwa na saa ya kurusha, ile inayoilazimisha timu irushe kabla muda wake haujaisha. Watazamaji wakazomea weee, lakini Pistons wakatulia na mpira wao. Maurice Podoloff, rais wa ligi, hakufurahishwa hata kidogo, maana nani atanunua tiketi ya kuangalia mtu ameshika mpira.

Watu wengi wanamtukana Mendenhall kwa hilo, mi simtukani. Alienda ugenini kwa bingwa akatoka na ushindi. Ukiangalia karatasi mpango wake ulifanya kazi haswa pale alipotaka ufanye, Mikan majaribio 11 tu. Ubaya wa kuangalia ni kweli ulikuwa mbaya, lakini kazi ya kocha haikuwa kutufurahisha sisi wa miaka hii.

(Fort Wayne jina la Pistons walilipata kwa tajiri wao Fred Zollner aliyekuwa na kiwanda cha pistoni za injini, zilezile fundi wa gereji anakwambia zimekufa lete hela. Wakahamia Detroit 1957, mji wa magari, jina likakaa kama limetengenezwa kule. Lakers nao walipewa jina kwa maziwa ya Minnesota, 1960 wakahamia Los Angeles na jina wakalibeba hivohivo.)

Hatua ya 7: linganisha na msimu wake, usilinganishe na ligi ya leo

Kosa la kawaida, mtu anachukua Mikan 4 katika 11, asilimia 36.4, anaweka karibu na senta wa leo anayeingiza zaidi ya nusu, anasema wazee hawakujua mpira. Tafuta wastani wa ligi ya msimu uleule kwanza. Msimu wa 1950-51 ligi nzima iliingiza kama asilimia 35.7 ya mirusho ya kawaida. Kwaiyo Mikan siku ile, kwenye mechi mbovu kuliko zote, alikuwa palepale kwenye wastani wa ligi. Walioanguka ni wenzake na ile 0 katika 7.

Na pointi, timu ya msimu ule ilikuwa inapata karibu 84 kwa mechi. Hapo ndo unapata kipimo sahihi cha 19-18, pointi 37 za timu mbili hazifiki hata nusu ya alichozoea kupata timu moja. Ukilinganisha na 110 au 120 za siku hizi unachekesha tu hauelezi.

Kuna kanuni za kisasa za kupima ubora wa ufungaji, zinazidisha mitupo huru kwa 0.44 ili kukisia imetumia mashambulizi mangapi. Mtu atakwambia itumie. Mi hapa siitumii, ile 0.44 imetokana na mechi za kisasa zenye sheria za faulo za kisasa, na mwaka 1950 sheria za faulo hazikuwa hizi, alafu mechi yenyewe ina mitupo 32 na mirusho 31, mitupo huru imezidi mirusho! Kanuni ya kukisia ukiiweka kwenye mechi kama hiyo itakupa namba ina desimali mbili na haina maana hata moja.

Hatua ya 8: andika maelezo chini ya karatasi

Sentensi tatu nne, za kawaida. Mi yangu ya mechi hii inasomeka hivi: vikapu sawa 4 kwa 4, mechi imeamuliwa kwenye mstari wa mitupo, Lakers wamekosa 7, Mikan bila kikapu robo ya nne, mrusho mmoja kila sekunde 93 kwasababu ya kushika mpira. Weka na chanzo cha kila namba, kama umetoa gazetini au umepiga hesabu mwenyewe, namba ya kupiga mwenyewe mi naizungushia duara.

Hiyo 93 ukiiweka pembeni ya namba nyingine moja unaelewa kilichofuata. Mwaka 1954 Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse Nationals, alisukuma wazo la saa ya kurusha, na hesabu yenyewe ni ya mezani kabisa kama hizi zetu: mechi nzuri ya kuangalia ina mirusho kama 120 kwa timu zote mbili, sekunde 2,880 gawa kwa 120, unapata 24. Ndo ile saa ya sekunde 24 tunayoitumia mpaka huku kwetu. Wastani wa pointi za timu ukapanda kutoka 79.5 msimu wa 1953-54 mpaka 93.1 msimu uliofuata, na bingwa wa kwanza wa enzi ya saa hiyo akawa Syracuse yuleyule wa Biasone, kwenye mechi ya saba ya fainali 1955, 92-91. Waliofungwa kwa hiyo pointi moja ni Fort Wayne Pistons.

Ukishamaliza hii chukua ya pili ujipime, ile ambayo NBA inaihesabu kuwa mechi yake ya kwanza kabisa, 1 Novemba 1946, Toronto, New York Knickerbockers 68, Toronto Huskies 66. Ossie Schectman wa New York ndo alifunga kikapu cha kwanza, Ed Sadowski aliyekuwa kocha na mchezaji wa Huskies kwa wakati mmoja akamaliza na 18, Leo Gottlieb wa New York 14. Kabla hata hujaitafuta karatasi yenyewe unajua tayari mitupo ya timu zote mbili ni namba shufwa, maana 68 na 66 ni shufwa. Itafute, hakiki kama kweli, alafu tenga Sadowski na wengine wote kama tulivyomtenga Mikan uone Huskies walimtegemea kiasi gani. Na safu ya rebaundi iache wazi tafadhali, usiniwekee sifuri.